Jadad, PEDro, RoB 1 au RoB 2: utumie kipimo gani kukagua upendeleo kwenye majaribio ya tiba

“Mwalimu, hili nimelipatia tatu.”

Aliyesema hivyo ni daktari kijana. Amekesha wodini zamu nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na sasa yuko kwenye shahada ya uzamili, anaandika mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima majaribio yote ya swali moja. Tulikuwa watatu mezani, makala zimetapakaa, chai imeshapoa. Nikamuuliza, tatu ya nini? Tatu kati ya tano, akajibu, kwa kipimo cha Jadad. Mbili amezikata kwa sababu madaktari walijua mtoto yupi amepewa nini.

Jaribio lenyewe lilikuwa FEAST, la kuwapa watoto mahututi maji kwa mshipa. Nilimwomba aweke kalamu chini kwanza, maana alama ile ilinisikitisha. Hakukosea kujumlisha, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosea ni kipimo alichopewa. Tangu siku ile kila anayeanza mapitio hunijia na swali lilelile: nitumie zana ipi? Haya ndiyo majibu yangu, pamoja na sababu zake.

Nitangulize uamuzi ili asiye na muda aondoke nao. Kama unaandika mapitio ambayo mtu atayatumia kutibu, tumia RoB 2, kipimo cha shirika la mapitio la Cochrane cha hatari ya upendeleo (yaani matokeo kuvutwa upande mmoja), hata kama itakuchosha. Kama unafundisha watu kusoma makala, tumia orodha ya maswali ya JBI au CASP. RoB 1, toleo la awali la RoB 2, ibaki kwa anayehuisha mapitio ya zamani. Alama za PEDro, za majaribio ya fiziotherapia, zisome, lakini usizijumlishe mwenyewe ukadhani umemaliza kazi. Jadad iache.

Majaribio mawili ya kujaribia mizani

Mizani hujaribiwa kwa kuweka juu yake mzigo unaoujua. Nimechagua majaribio mawili ya huku kwetu.

La kwanza ni hilo FEAST, lililochapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waliofika hospitali wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji mengi ya chumvi kwa haraka kupitia mshipa, la pili likapewa albumini (majimaji yenye protini ya damu) kwa namna hiyohiyo, la tatu halikupewa maji ya haraka, lilipata yale ya kawaida tu. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Kamati ya usalama ilisimamisha jaribio Januari 2011 kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Tiba ambayo kila mmoja wetu alifundishwa kuwa inaokoa watoto ilikuwa inawaua.

La pili ni jaribio la dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, lenye wanafunzi zaidi ya 30,000, lililoanza mwaka 1998 na kuchapishwa mwaka 2004 na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer. Shule ziligawanywa makundi matatu: la kwanza lilipata dawa kuanzia 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Matokeo yaliyovuma ni kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019, na kampeni za dawa za minyoo mashuleni katika nchi nyingi zimesimama kwa sehemu kubwa juu ya hoja ya jaribio hili.

Yote mawili ni makubwa na yote mawili yamegusa maisha ya watoto wetu. Katika yote mawili watu walijua nani kapewa nini, kwa hiyo kipimo kinachotazama upofushaji (kuwaficha watu nani kapewa nini) juujuu kitayaweka kapu moja. Kipimo kizuri kitayatenganisha.

Jadad: haraka, rahisi, na inauliza maswali yasiyo yenyewe

Alejandro Jadad na wenzake waliitoa mwaka 1996 huko Oxford, wakiwa kwenye kazi ya utafiti wa kutuliza maumivu. Inapendwa kwa sababu inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Je, makala inasema kuna mgawo wa nasibu? Alama moja. Njia ya kugawa imeelezwa na inafaa? Moja tena, kama haifai, unakatwa. Inasema mgonjwa na mtafiti wote hawakujua dawa? Moja. Njia ya kuwaficha inafaa? Moja. Waliojitoa wameelezwa? Moja. Jumla tano, na kwa mazoea ya wengi kuanzia tatu jaribio linahesabiwa zuri.

Angalia swali la mwisho. Linauliza kama waliojitoa *wameelezwa*, haliulizi ni wangapi wala kwa nini. Jaribio lililopoteza nusu ya wagonjwa wa kundi moja kwa sababu dawa iliwachafua tumbo linapata alama kamili, mradi mwandishi amekiri kwa sentensi moja. Na kati ya alama tano, mbili zimefungwa kwenye upofushaji. Kwenye utafiti wa maumivu hilo lina mantiki, kwa sababu mgonjwa ndiye anayesema anaumwa kiasi gani, na akijua amepewa plasebo, yaani dawa bandia, atajibu vingine. Ukiihamishia kwenye upasuaji, kwenye dripu, kwenye vyandarua au tohara, unakuwa unaadhibu majaribio kwa jambo ambalo haliwezekani.

Dosari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: Jadad haiulizi kabisa kuhusu kificho cha mgawo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya mambo mawili.

Mgawo wa nasibu ni kupanga foleni: kompyuta inatoa A, B, B, A, A. Kificho cha mgawo ni kuhakikisha yule anayemwandikisha mgonjwa hajui herufi inayofuata mpaka mgonjwa ameshaandikishwa. Upofushaji unakuja baadaye, wakati matibabu yanaendelea, na mara nyingi hauwezekani. Kificho kinawezekana karibu kila mara.

Darasani nafanya hivi. Nachukua bahasha nyeupe ya kawaida, ile ya dukani, natia karatasi yenye herufi B iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nagundisha. Namwomba mwanafunzi awashe tochi ya simu na kuiweka nyuma ya bahasha. Herufi inasomeka kutoka kiti cha tatu. Kisha natia karatasi ile ndani ya bahasha ya kaki, nimeikunja mara mbili na kuizungushia karatasi ya fedha ya jikoni. Tochi haioni kitu. Hapo nauliza: wewe ni daktari wa zamu, mbele yako mama ameshika mtoto aliyelegea, na unaamini moyoni kwamba dawa A ndiyo inayofaa. Bahasha inayofuata inaonyesha B. Utafanya nini? Chumba kinanyamaza. Wengine wanakiri: ningemwandikisha mtoto mwingine kwanza, mwenye hali nafuu. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni huruma tu, na huruma hiyo inawapeleka wagonjwa mahututi wote upande mmoja wa jaribio.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walichambua majaribio 250 ya tiba za ujauzito na uzazi. Yale ambayo kificho chake hakikutosha yalikuza faida ya tiba kwa wastani wa asilimia 41, ukipima kwa uwiano wa odi (namna ya kulinganisha uwezekano wa tokeo kati ya makundi), kuliko yale yaliyoficha vizuri. Kukosa upofushaji kulikuza kwa asilimia 17. Sasa fikiria kipimo kinachotoa alama mbili kwa cha pili na sifuri kwa cha kwanza.

FEAST walitumia bahasha zisizopenya mwanga, zimefungwa, zina namba za mfululizo, zinafunguliwa kwa mpangilio wa namba. Jadad haina pa kuliandika hilo. Ndiyo maana mwanafunzi wangu alipata tatu.

Kwa nini nakataa alama za kujumlisha, PEDro ikiwemo

PEDro ilianzia Sydney, na kanzidata yake ya utafiti wa fiziotherapia iko mtandaoni tangu 1999. Ina vipengele 11, cha kwanza hakihesabiwi, hivyo alama ya juu ni 10. Ni bora kuliko Jadad kwa mbali. Inauliza kificho, inauliza kama makundi yalifanana mwanzoni, inauliza kama zaidi ya asilimia 85 ya walioanza walipimwa mwishoni, inauliza kama kila mtu alichambuliwa kwenye kundi alilopangiwa. Kama wewe ni mtaalamu wa fiziotherapia na unatafuta makala za maumivu ya mgongo, alama tayari zimewekwa na watu waliofunzwa. Hiyo ni zawadi, itumie kuchuja.

Lakini inajumlisha, na kujumlisha ndiko tatizo. Alama 7 ya jaribio lililokosa kuwaficha wagonjwa, watoa tiba na wapimaji ni sawa kabisa na alama 7 ya jaribio lililokosa kificho, lililopoteza watu wengi na kuwahamisha wengine kundi. Namba inafanana, hatari hazifanani hata kidogo. Tena vipengele viwili vya PEDro, kulinganisha makundi kwa takwimu na kutoa makadirio yenye kipimo cha mtawanyiko, vinahusu uandishi kuliko upendeleo.

Mwaka 1999 Peter Jüni na wenzake walilionyesha hili kwa namna ambayo ingepaswa kumaliza ubishi. Walichukua majaribio 17 yaliyolinganisha heparini ya aina mbili katika kuzuia damu kuganda baada ya upasuaji, wakayapima yote kwa vipimo 25 tofauti vya ubora. Kwa vipimo vingine, majaribio “bora” yalionyesha heparini mpya haina nafuu yoyote na yale “dhaifu” yakaisifu. Kwa vipimo vingine ikawa kinyume chake. Yaani jibu la kitabibu lilitegemea karatasi gani ya alama ilikuwa mezani.

Orodha za darasani nizitaje kwa ufupi. Ile ya taasisi ya JBI ya Adelaide, Australia, ina maswali 13. Ya CASP ni ya namna hiyohiyo. Jibu ni ndiyo, hapana, au haieleweki, bila jumla ya lazima. Kwa klabu ya kusoma makala ya saa moja, kwa wauguzi na madaktari wasaidizi wanaojifunza kuhoji walichosoma, sijaona kilicho bora. JBI iliboreshwa mwaka 2023 ili maswali yanayohusu tokeo moja moja yatenganishwe na yale ya jaribio zima, na hapo imesogea karibu na RoB 2. Shida inakuja pale mtu anapozigeuza kuwa asilimia, “jaribio hili limepata asilimia 77”, na hapo tunarudi kulekule kwa Jadad.

RoB 1: iliyobadilisha mchezo

Cochrane walileta kipimo chao mwaka 2008, wakakirekebisha 2011. Hakina jumla. Kina vipengele: foleni ya mgawo ilitengenezwaje, ilifichwaje, je washiriki na watoa huduma walijua, je wapimaji walijua, data zilizokosekana, kuchagua matokeo ya kutangaza, na “mengineyo”. Kila kimoja unakipa hatari ndogo, hatari kubwa au haijulikani, na unaandika sababu. Vile vidoti vya kijani, njano na nyekundu unavyoviona kwenye mapitio vimetoka hapo.

Naipenda bado. Inafundishika kwa siku moja. Mtathmini analazimika kunukuu maneno ya makala, na msomaji anaweza kuona alikosea wapi. Ila imezaa tabia mbili mbaya.

Ya kwanza ni “haijulikani”. Mtu akichoka, kila kitu hakijulikani. Nimesoma mapitio ambayo mchoro wake mzima ni njano, kama shamba la alizeti, na mwisho hujui umwamini nani.

Ya pili ndiyo inayoidhuru FEAST. Kwenye kipengele cha upofushaji watu wengi huweka nyekundu papo hapo wakiona neno “wazi”. Mwongozo wenyewe haukuagiza hivyo; ulitaka uulize kama kujua kunaweza kubadilisha tokeo. Lakini umbo la fomu linamvuta mtu. Swali limeandikwa juu ya upofushaji, hivyo mtu anajibu upofushaji. Na kile kikapu cha “mengineyo” kinapokea kila aina ya lawama: jaribio lilisimamishwa mapema, lilifadhiliwa na kampuni, lina wagonjwa wachache. Mwingine huweka, mwingine haweki.

RoB 2: swali limehama

Toleo la 2019, lililoongozwa na Jonathan Sterne na Julian Higgins wa Bristol, lina vipengele vitano tu: mchakato wa mgawo, kukengeuka kutoka tiba iliyopangwa, data zilizokosekana, upimaji wa tokeo, na uchaguzi wa matokeo ya kutangaza. Kikapu cha mengineyo kimetupwa. Chini ya kila kipengele kuna maswali ya kuongoza, yanajibiwa ndiyo, huenda ndiyo, huenda hapana, hapana, au hakuna taarifa, na majibu yanakufikisha kwenye uamuzi: hatari ndogo, mashaka kiasi, hatari kubwa.

Lakini tofauti ya maana haiko kwenye idadi ya vipengele. RoB 2 haikuulizi “jaribio hili ni zuri?” Inakuuliza “*tokeo hili moja*, kutoka jaribio hili, lina hatari gani ya kuvutwa upande mmoja?” Jaribio moja linaweza kuwa na tokeo safi na tokeo chafu kwa pamoja.

Turudi FEAST nayo. Tokeo: kifo ndani ya saa 48. Mgawo: nasibu, bahasha zisizopenya mwanga, makundi yalifanana mwanzoni. Hatari ndogo. Kukengeuka: ndiyo, madaktari walijua, maana mfuko wa dripu unaning'inia hapo juu kila mtu anauona. Swali linalofuata ni je, kuna waliobadilishiwa tiba *kwa sababu tu wako kwenye jaribio*, kwa namna iliyoathiri tokeo? Uchambuzi ulifuata kundi alilopangiwa mtoto. Data zilizokosekana: kidogo mno kwa saa 48. Upimaji: aliyepima alijua, lakini je, kujua kunaweza kumfanya daktari aandike mtoto amekufa wakati yu hai? Hapana. Uchaguzi wa matokeo: jaribio lilisajiliwa, na kifo cha saa 48 ndicho kilichotangazwa tangu mwanzo. Hatari ndogo, mstari hadi mstari.

RoB 2 pia inakuruhusu kuandika upendeleo, kama upo, ungeelekea wapi. Hili wengi wanaliruka na mimi naliona dhahabu. Karibu kila daktari pale aliingia akiamini maji ya haraka yanaokoa. Kama imani ingevuta matokeo, ingeyavuta *kuyapendelea* maji. Matokeo yalikwenda upande wa pili. Kwa hiyo kutokuwepo kwa upofushaji, ambako Jadad ilikukatia alama mbili, hakuwezi kwa urahisi kuyaeleza matokeo hayo.

Sasa badilisha tokeo, jaribio lilelile. Chukua dalili za maji kujaa kwenye mapafu. Hapa daktari anasikiliza kifua cha mtoto huku akijua amemmiminia maji. Waliweka kamati huru ya kupitia matukio bila kujua kundi, na hiyo ni kazi nzuri, lakini maelezo kamati iliyoyasoma yaliandikwa na mtu aliyejua. Mimi ningeweka mashaka kiasi. Makala ileile, ukurasa uleule, uamuzi tofauti.

Busia je? Ni jaribio la makundi, shule ndizo zilizogawanywa, kwa hiyo unatumia toleo la RoB 2 la makundi, si lile la mtu mmoja mmoja. Shule zilipangwa kwenye orodha ndani ya kila kanda, kisha kila ya tatu ikaingia kundi lake. Hiyo haina nasibu ndani yake, ni mpangilio. Kwa kuwa shule zote zilipangwa kwa mara moja, hapakuwa na mtu wa kuchungulia bahasha, na hilo linapunguza makali. Kwa kufuata maswali ya kuongoza unafika kwenye mashaka kiasi kwa kipengele cha kwanza. Panapouma ni kwenye mahudhurio. Shule zilijua, wazazi walijua, waliofanya ziara za kushtukiza kuhesabu watoto darasani walijua. Kuhesabu vichwa ni rahisi. Kuamua nani ahesabiwe kuwa bado ni mwanafunzi wa shule hiyo, nani amehama, nani ameacha, kunahitaji uamuzi wa mtu. Na mwaka 1998 hapakuwa na mpango wa uchambuzi uliosajiliwa kabla. Wataalamu wa takwimu za afya waliorudia uchambuzi wa data zilezile mwaka 2015 walisema kuna ushahidi kiasi kwamba mahudhurio yaliboreka, lakini wenye hatari kubwa ya upendeleo. Ukipita RoB 2 kwa uaminifu unafika jirani na hapo.

Nimeyaweka kando kwa kando, maamuzi ni yangu mwenyewe:

| Zana | FEAST: kifo, saa 48 | Busia: mahudhurio shuleni |
|---|---|---|
| Jadad | 3 kati ya 5 | 1 kati ya 5, au 0 kwa mtathmini mkali |
| PEDro | 7 kati ya 10, au 8 ukihesabu kamati isiyojua kundi | Haikuundwa kwa kazi hii |
| RoB 1 | Hatari ndogo. Upofushaji hubishaniwa | Hatari kubwa kwenye mgawo na upofushaji |
| RoB 2 | Hatari ndogo | Hatari kubwa, hasa kwenye upimaji |

Kitu kimoja hakimo kwenye safu yoyote. Wapinzani wa FEAST hawakushika sana suala la upendeleo. Walisema hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia wala wodi za uangalizi mahututi, kwa hiyo matokeo hayawahusu wao. Hilo ni swali halali, lakini ni swali la jaribio *linamhusu nani*, si la kama lilipata jibu la kweli. Usiliingize kwenye RoB 2. Lina nafasi yake kwenye mfumo wa GRADE, unapokadiria uhakika wa ushahidi wote kwa pamoja. Na kwa mtoto anayefikishwa Muheza usiku wa manane, ukosefu wa mashine ya kupumulia hauwezi kuitwa dosari ya jaribio. Ndiyo hali yake halisi.

Bei ya RoB 2

Nisimdanganye mtu, ni nzito. Mwaka 2020 Silvia Minozzi na wenzake walichapisha matokeo ya watathmini wanne walioitumia: kwa wastani dakika 28 kwa tokeo moja, na makubaliano yao kwenye uamuzi wa jumla yalikuwa 0.16, kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kama kurusha sarafu. Inatisha. Baadaye kundi hilohilo liliandaa mwongozo mahususi wa mada yao kabla ya kuanza, na makubaliano yakapanda.

Hapo ndipo siri ilipo, na nimeiona kwa wanafunzi wangu mwaka hadi mwaka. Wawili hawapatani kwa sababu kila mmoja anajibu swali tofauti kichwani. Kabla ya kugusa makala ya kwanza, kaeni mwandike kwenye karatasi moja: tokeo gani, kwa muda gani, tunataka athari ya *kupangiwa* tiba au ya *kuifuata*, kwa mada yetu ni kukengeuka gani kunahesabika, ni kiasi gani cha data kikikosekana tutaanza kuwa na wasiwasi. Fanyeni makala tatu pamoja kwa sauti. Ndipo kila mtu aende kivyake, mkutane kulinganisha, na awepo wa tatu wa kuamua. Muda utakaotumia kwenye karatasi ile utaurudisha kabla hujafika makala ya kumi.

Na usipime kila tokeo. Chagua matano au saba yatakayoingia kwenye jedwali lako la muhtasari. Mapitio ya majaribio 12 yenye matokeo matano ni maamuzi 60, mara watu wawili. Kama mko wawili, mna miezi miwili na intaneti ya kuunga, punguzeni matokeo kabla ya kufikiria kupunguza ubora wa zana.

Kwa hiyo wewe je

Kama unahuisha mapitio yaliyotumia RoB 1 na majaribio mapya ni mawili tu, baki na RoB 1, useme wazi. Kuchanganya zana mbili kwenye jedwali moja kunampoteza msomaji zaidi.

Kama utafiti ulio mbele yako haukuwa na mgawo wa nasibu, hakuna hata moja ya hizi inayokufaa. Kuna ROBINS-I, iliyotoka 2016, na ni shughuli nyingine kabisa. Uliza hilo mapema. Nimemwona mtu akimaliza wiki mbili akipima kwa RoB 2 makala ambazo wagonjwa walijichagulia dawa wenyewe.

Kama msimamizi wako anasisitiza Jadad kwa sababu ndiyo aliyoizoea, mpe heshima yake, mpelekee FEAST pamoja na jedwali lile juu, umwombe mpime pamoja. Mwongozo wa Cochrane wenyewe unapinga alama za kujumlisha, kwa hiyo hutakuwa unaleta maoni yako binafsi. Usibishane kwa maneno matupu.

Ufadhili na maslahi ya watafiti uandike safu yake ya pembeni, kwa sababu RoB 2 haina kipengele chake. Itifaki na usajili tafuta mwenyewe, kwenye ClinicalTrials.gov, ISRCTN, au rejesta ya Afrika ya PACTR. Bila hivyo kipengele cha tano unakijaza kwa kubahatisha: huwezi kujua tokeo limebadilishwa kama hujaona lililoahidiwa. Linganisha tarehe ya usajili na tarehe ya mgonjwa wa kwanza. Jaribio lililosajiliwa baada ya mgonjwa wa mwisho halijaahidi chochote.

Ukishamaliza, maamuzi yako yafanye kazi. Endesha metaanalisisi (kuunganisha matokeo kwa hesabu) na majaribio yote, kisha endesha tena ukiondoa yenye hatari kubwa, uonyeshe majibu yote mawili. Jibu likibaki palepale, sema. Likigeuka, hicho ndicho kichwa cha habari cha mapitio yako, kisizikwe kwenye kiambatisho.

Yule mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili. FEAST ilikuwa na mistari miwili badala ya mmoja: kifo, hatari ndogo, maji kwenye mapafu, mashaka kiasi, na pembeni sababu yake kwa maneno yake mwenyewe. Chini alikuwa ameandika kwa penseli jina la jaribio jingine kwenye orodha yake, lile alilolipatia alama tano kwa Jadad, na namba ya waliopotea kwenye ufuatiliaji kundi kwa kundi. Tukaanza na hilo.